Mandari ya Mtoto Mdogo Pasipo Kuingia Deni



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni dogo, nalo ni matembezi ya likizo ya mtoto mdogo. Twasema hudhaniwa kuwa dogo, kwa sababu mtu hafikiri ya kuwa nyumba yaweza kutikisika kwa ajili ya mandari ya siku moja. Lakini yatikisika, na tumeyaona.

Mzazi mmoja wa upande wetu huu wa Bujora, mwenye duka dogo na mtoto wa kiume wa miaka minne, alituuliza siku moja baada ya sala ya Alasiri: "Maalim, mtoto wangu ameona katika simu watoto wenzake wakiteleza katika maji na wakizungushwa juu ya mashine. Kila siku ananiuliza, 'Baba, tutakwenda lini?' Nimeambiwa mahali pa namna hiyo papo Dar es Salaam. Fedha sina, lakini yuko wa kunikopesha, nami nitamrejeshea kwa kila juma. Je, Maalim, nikope au nisikope?"

Tulimjibu kwa neno moja, kuwa asikope. Lakini neno moja halimtoshi baba ambaye mwanawe anamuuliza kila siku. Kwa hiyo twapenda kueleza hapa kwa urefu kwa nini asikope, na kisha, jambo ambalo ni kubwa zaidi, afanye nini badala yake. Maana kumwambia mzazi "usifanye" bila ya kumwonyesha njia nyingine ni kumwacha njia panda.

DENI LA FURAHA

Mikopo hii ya kurejeshwa kila juma imeenea sana mijini na vijijini, na wale wanaoichukua wameipa wenyewe jina la "kausha damu". Jina hilo halikutoka kwa masheikh wala kwa serikali. Limetoka katika vinywa vya walioonja. Mtu hupewa fedha leo bila ya maswali mengi, kisha hutakiwa arudishe pamoja na ziada katika siku chache, na akikawia ziada huzaa ziada. Mwisho wake ni godoro, jiko la gesi na televisheni kutolewa nje mbele ya macho ya watoto. Kwamba ziada hiyo ni riba, na riba ni haramu, hilo kila Mwislamu alijua. Lakini hata asiye Mwislamu akipiga hesabu yake kwa utulivu ataona kuwa amenunua siku mbili za furaha kwa miezi sita ya huzuni.

Tena lazima tuseme wazi: tofauti ipo baina ya kukopa kwa sababu ya ugonjwa au njaa, na kukopa kwa sababu ya mandari. Haja ya kwanza humjia mtu bila ya kuichagua. Haja ya pili huchaguliwa, na maadamu huchaguliwa, basi yaweza kungojewa, kupunguzwa, au kubadilishwa.

Si kwamba twasema matembezi ni upuuzi. La, hasha! Kumfurahisha mtoto ni katika haki zake, na anachotumia mtu kwa watu wa nyumbani kwake, akikitumia kwa nia njema, ana thawabu nacho. Dini yetu imekataza israfu, na imekataza ubahili vilevile. Baba ambaye fedha anayo lakini hajapata kumshika mwanawe mkono wakatoka pamoja hata mara moja kwa mwaka, huyo naye ana la kujiuliza. Twatafuta njia ya katikati.

MTOTO MDOGO ATAKA NINI?

Bustani kubwa za michezo zenye mashine si jambo la jana. Ile ya Disneyland, katika jimbo la California huko Marekani, ilifunguliwa mwaka 1955, na tangu hapo nchi nyingi zimeiga. Wenye bustani hizo huweka penye mashine kubwa alama ya kimo. Mtoto asiyefika alama hiyo hapandishwi, kwa ajili ya usalama wake. Basi mtoto wa miaka minne hufikishwa mlangoni baada ya gharama zote, kisha husimama chini na mama yake akiwatazama wakubwa wakipanda. Hulia, hununuliwa kitu kitamu ili anyamaze, na hicho ndicho anachokikumbuka.

Kisha tutazame masafa. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa basi ni mchana kutwa na sehemu ya usiku. Mtoto wa miaka minne hana kipimo cha maili. Hajui kama amevuka Tabora au amevuka Singida. Ajua tu kwamba amekaa, amechoka, ana haja ndogo na gari halisimami. Kwenda ni siku nzima, kurudi ni siku nzima, na katikati yake kuna kulala na kula katika mji wa watu kwa bei za mji.

Twauliza basi: mtoto wa umri huu ataka nini hasa? Sisi tunaofundisha watoto wadogo kila siku twajua kidogo habari zao. Ataka kuona mnyama aliye hai. Ataka kupanda juu ya kitu na kushuka. Ataka kukaa katika chombo kinachokwenda juu ya maji. Ataka kula chakula nje, akiwa amekaa chini. Na zaidi ya yote ataka baba na mama wasiwe na haraka, wajibu maswali yake, wala wasitazame simu. Mtazameni anapopewa kitu cha kuchezea: mara nyingi hucheza na boksi, akakiacha kilichokuwa ndani.

Mambo hayo yote Mwenyezi Mungu ametupa sisi tukaao kandokando ya ziwa hili. Yako karibu nasi mno, na pengine ndiyo sababu hatuyaoni.

FEDHA KWANZA, MAHALI BAADAYE

Kosa la watu wengi ni kuchagua mahali kwanza kisha kutafuta fedha. Yafaa iwe kinyume chake: ijulikane kwanza fedha iliyopo, kisha fedha hiyo ichague mahali. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Twatoa mfano. Nyumba ina baba, mama, mtoto wa miaka tisa na mtoto wa miaka minne. Wamekubaliana kutoka katika likizo ya mwezi wa Juni. Tangu mwanzo wa mwezi wa Februari huweka katika kibubu shilingi 500 kila siku. Hadi mwanzo wa Juni ni siku 120, na 500 mara 120 ni shilingi 60,000. Asiyeweza 500 na aweke 200, naye atapata 24,000; mandari yake itakuwa fupi zaidi, lakini itakuwa mandari. Na watoto waachiwe wao kutia sarafu kwa mikono yao, ili wajue kuwa furaha huandaliwa, haiokotwi.

Fedha hiyo ya mfano, shilingi 60,000, twaigawanya mafungu sita ya 10,000. Fungu moja ni la nauli, kwenda na kurudi. Mafungu mawili ni ya kiingilio na chombo cha majini. Fungu moja ni la chakula cha kuandaa nyumbani pamoja na maji. Fungu moja ni la dharura, nalo haliguswi illa kwa ugonjwa au kukosa usafiri. Likirudi nyumbani salama, huingia katika kibubu kuwa mwanzo wa akiba ya mwaka ujao. Fungu la mwisho ni la sadaka na kitu kimoja cha kumnunulia kila mtoto.

Kanuni ni hii: fungu moja lisile fungu la jirani yake. Siku chache kabla ya kutoka, mtu aende au apige simu kuuliza bei za wakati huo, maana bei hubadilika, wala asitegemee alichosikia kwa mwenzake mwaka uliopita. Akiona kiingilio kimezidi fungu lake, asichote katika fungu la dharura. Na abadilishe mahali, au angoje mwezi mmoja zaidi. Tena kodi ya nyumba, sare za shule na unga visiingizwe katika hesabu hii kabisa. Hivyo vina haki ya kwanza.

MAHALI PA KWANZA: BUJORA PENYEWE

Wasomaji wetu wa mbali huenda hawaijui Bujora. Iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma waliomsaidia kukusanya vitu na habari. Yalifunguliwa rasmi mwaka 1968. Kutoka mjini mtu hupanda daladala hadi Kisesa, kisha humalizia kwa miguu au kwa bodaboda.

Humo mna nyumba za Kisukuma za namna ya kale, nyumba ya mhunzi na vyombo vyake, ngoma na viti vya enzi vya watemi, na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mna pia habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hata leo hushindana kila mwezi wa Juni katika sherehe ya Bulabo. Kila upande hucheza wakati mmoja na mwenziwe, na ushindi ni wa yule aliyevuta watu wengi zaidi.

Kitu kimoja twakitaja hasa kwa ajili ya watoto. Mna pipa linalozunguka, na juu yake yameandikwa maneno ya kuhesabu tangu moja hadi kumi, kwa namna mbalimbali. Hapo zamani marika ya Wasukuma yalikuwa kila moja na maneno yake ya kuhesabu, kama lugha ya siri, na asiye wa rika hilo hakuyajua. Mtoto wa chuoni aliyekwisha kujua moja, mbili, tatu kwa Kiswahili, na wahid, ithnayn, thalatha kwa Kiarabu, hufurahi mno kugundua kuwa babu zake nao walikuwa na zao, tena si moja bali nyingi. Hicho ni kitu ambacho hata mashine ya milioni mia haimpi.

Ndugu zetu wengine huuliza: je, yafaa Mwislamu aingie, na hali makumbusho hayo yamo katika eneo la misheni ya Kikatoliki, na ndani yake mna nyumba ya mganga wa kienyeji? Sisi twaona kuwa kutazama makumbusho ili kujua habari za watu waliotutangulia si kuabudu, wala hakuna anayelazimishwa kuingia mahali pa ibada. Na penye vitu vya mganga, mzazi amweleze mtoto kwa upole kwamba hivi ndivyo watu walivyokuwa wakifanya, na sisi tumefundishwa kumwomba Mungu peke yake. Mtoto asiyeelezwa na mzazi wake ataelezwa na mwingine. Muhimu ni adabu: mtu akiwa katika uwanja wa wenyewe hanyanyui sauti, wala hachezei vitu vyao, wala hasemi maneno ya kuwadharau.

Juu ya Bulabo twatoa tahadhari moja. Siku hizo watu huwa wengi mno, ngoma hulia kwa nguvu, na wako wachezaji wanaocheza na nyoka. Mtoto wa miaka minne aweza kuogopa, na aweza kupotea katika msongamano. Kwa mtoto wa umri huo siku ya kawaida, asubuhi, ni bora zaidi.

MAHALI PA PILI: KISIWA CHA SAANANE

Mtoto anayetaka wanyama na chombo cha majini, basi yote mawili atayapata Saanane. Kisiwa hiki kiko karibu kabisa na mji wa Mwanza, na chombo huondokea Capri Point, safari ya dakika chache tu. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akikaa hapo. Mwaka 1964 serikali ilikifanya kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, maana ukubwa wake, pamoja na maji yake, ni kama kilomita za mraba 2 na kidogo.

Udogo huo ndio faida kwa mwenye mtoto mdogo. Katika hifadhi kubwa mtoto hukaa ndani ya gari saa nyingi akiambiwa "ngoja, huenda tukamwona." Hapa hutembea kwa miguu yake mwenyewe. Huona swala pala, tumbili, na pimbi walioketi juu ya majabali kama wazee barazani. Huona kenge na ndege wa majini, na hupanda mawe madogo huku baba amemshika mkono. Saa tatu zatosha, naye hulala njiani wakati wa kurudi.

Kwa habari ya gharama, mambo matatu yafaa yajulikane. Kwanza, katika hifadhi za taifa mtoto aliye chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa pungufu ya mtu mzima. Basi mwenye mtoto wa miaka minne, huu ndio wakati wake. Pili, raia hulipa bei ya chini sana kuliko mgeni, kwa hiyo mtu mzima achukue kitambulisho chake. Tatu, gharama ya chombo huulizwa mbali na kiingilio, kwa maana wengi hukumbuka mlango wakasahau maji. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi chakula kitiwe katika kikapu au katika vyombo vyenye vifuniko. Kikapu hicho kifunikwe vyema, kwa kuwa tumbili hawana haya, wala wanyama wasipewe chakula.

MAHALI PA TATU, PA KUNGOJEA

Wako watakaosema, "Sisi twataka simba na tembo." Basi Serengeti si mbali nasi. Lango lake la Ndabaka liko kando ya barabara hiihii ya Mwanza na Musoma, kama kilomita 140 kutoka mjini. Lakini hapo lazima pawe na gari la kuingia ndani, na gari ndilo gharama kubwa. Familia tatu au nne zikishirikiana kukodi gari moja na kugawana, yawezekana. Hata hivyo twashauri mtoto angojewe afike miaka saba au minane, aweze kukaa, kutazama na kukumbuka. Jambo zuri halipungui kwa kungojewa.

Na msomaji asiyekaa upande huu asidhani kuwa hatuna neno naye. Na abadilishe majina tu. Aliye Unguja ana kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Aliye Tanga ana mapango ya Amboni. Aliye Mombasa ana bustani ya Haller Park pale Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji kisha pakapandwa miti. Aliye Kampala ana wanyama wa Entebbe, kando ya ziwa letu hilihili. Kila mahali pana kitu ambacho wageni hupanda ndege kuja kukiona, na wenyeji hawajakiona.

MAJI YAHESHIMIWE

Sasa twaingia katika jambo ambalo halina masihara. Watu wa ziwa hili hawakusahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Wala hawakusahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Si kila nyumba ya huku ambayo haikuguswa na misiba hiyo.

Kwa hiyo, chombo kilichojaa kisipandwe, hata kama nauli yake ni nusu. Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya chombo kuondoka, na la mtoto liwe la kimo chake, maana la mtu mzima humtoka kichwani aingiapo majini. Ikiwa hakuna la mtoto, rudini nyumbani, kibubu kitangoja. Na hewa ikibadilika, upepo ukivuma na mawingu yakisimama upande wa ziwa, msione haya kuahirisha.

Jambo la pili la maji ni kichocho. Wadudu wake hutoka kwa konokono wadogo wakaao katika maji ya ufukweni, hasa penye majani, nao hupenya ngozi ya mtu pasipo yeye kusikia maumivu. Mtoto anayecheza dakika chache katika maji hayo aweza kuupata. Basi asiachwe kuoga wala kuchezea maji ya kando ya ziwa, hata yakiwa yanang'aa namna gani. Wala watu wazima wasitawadhe kwa kuingia humo. Na wachukue maji yao katika galoni. Ambaye mtoto wake ameingia tayari, akaona baadaye anaumwa tumbo mara kwa mara au choo chake kina damu, asimpeleke kwa mtu wa mizizi. Ampeleke zahanati apimwe, maana dawa yake ipo.

CHAKULA, SALA NA WAKATI

Chakula kitoke nyumbani. Huko ndiko fedha nyingi hupotea, na huko ndiko mtu hula asichojua kimechinjwa na nani. Matobolwa na karanga, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga aliyekauka vizuri, maandazi na ndizi: hivyo havimwagiki wala haviharibiki kwa saa chache. Maji yawe ya kutosha, na soda ikiwa lazima, basi iwe moja ya kugawana.

Watoke mapema, baada ya Alfajiri, jua lisijawa kali, na warudi kabla ya Magharibi. Adhuhuri itawakuta huko. Wachukue mkeka mmoja, ambao ni wa kulia chakula kisha, ukikung'utwa, ni wa kusalia. Kibla chetu sisi wa Mwanza kiko upande wa kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Na ijulikane kuwa safari ya Bujora au Saanane si ya kupunguza sala kwa mwenyeji wa Mwanza, kwa kuwa masafa yake katika madhehebu yetu ya Shafii ni kilomita 80 na zaidi. Anayekwenda Serengeti, huyo hukumu yake ni nyingine. Mtoto akiwaona wazazi wake wanasali juu ya jabali, na ziwa liko mbele yao, amepata somo ambalo sisi walimu hatuwezi kumpa darasani.

ADABU ZA NYUMBA KATIKA MANDARI

Yamebaki mambo matatu.

La kwanza, mandari ya mtoto isiwe kazi ya mama. Mara nyingi tumeona mama ameamka saa tisa ya usiku kupika, kisha amebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na baba anatembea mbele ameshika simu. Hiyo si mapumziko. Ni kazi ya nyumbani iliyohamishwa mahali. Baba na abebe kikapu, na amwangalie mtoto walau nusu ya siku, ili mama naye aketi atazame maji.

La pili, ahadi. Mtoto aambiwe kabla ya kutoka: "Utapata kitu kimoja, ukichague mwenyewe." Kisha apewe hicho kimoja, si viwili wala si sifuri. Ahadi kwa mtoto ni ahadi kama nyingine, na kumdanganya ni uongo kama mwingine. Na ikiwa fedha haijatimia, aambiwe kweli: "Mwanangu, bado, tunaweka." Mtoto aelewa "bado" kuliko tunavyodhani. Asichokielewa ni "kesho" isiyofika.

La tatu, tazameni jirani. Pengine yuko yatima katika mtaa wenu, au mtoto ambaye baba yake yuko mbali na mama yake hana kitu. Katika lile fungu la sadaka mna nauli ya mtoto mmoja na sahani yake. Mchukueni, muombe ruhusa kwa mlezi wake, na mmrudishe kwao kabla ya giza. Watoto wenu wataona kuwa furaha ikigawanywa haipungui.

Yule ndugu aliyetuuliza tulimpa maelezo haya yote, naye akaenda sokoni akanunua kibubu cha udongo. Kila mzazi na afanye kwa kadiri ya riziki aliyopewa, wala asimtazame jirani amekwenda wapi. Anayeshindana katika mambo haya hushindana na watu ambao hajui madeni yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie watoto wetu, atukinge na deni linalotuinamisha vichwa mbele yao, na atufanye tuione neema iliyo karibu nasi kabla ya kuitamani iliyo mbali. Amin.

Wassalaam.